Mwenye Mvinyo Aonje Kwanza

Baba aliandika KIBONDO juu ya boksi kwa kalamu nene ya wino mweusi, na chini yake akaweka namba yangu ya simu. Mimi Kibondo nilikuwa nimeshahama. Nilikuwa Kasulu, nafundisha kemia kwenye chuo cha ualimu, na hilo nilikuwa nimemwambia baba zaidi ya mara moja. Basi linalotoka Dodoma hupita Kibondo kwanza ndipo lije Kasulu. Likafanya kama lilivyoelekezwa: likashusha boksi Kibondo, likaja kulala Kasulu mikono mitupu, karibu kabisa na ninapoishi.

Nina hasira za karibu. Karani wa mizigo aliponipigia simu kuniambia kuna boksi langu limekaa ofisini kwake tangu juzi, na kwamba ukilitikisa linagonganagongana ndani, nilimjibu vibaya kana kwamba yeye ndiye aliyeliandika. Kisha nikamwomba radhi, nikamsihi asilitikise tena na asiliweke juani. Akasema haliko juani, liko ndani, chini ya bati. Niliishi Kibondo miaka mitatu, nikifundisha sekondari. Bati la Kibondo mchana nalijua.

Ndani ya boksi kulikuwa na chupa mbili za mvinyo mwekundu. Baba aliutengeneza mwenyewe, kwa zabibu za shamba lake nje kidogo ya Dodoma, akaulaza kwenye pipa la mwaloni alilolipata kwa mbinde kutoka kiwanda kimoja kilichokuwa kinafunga. Haukuwa mvinyo wa kuuza dukani. Ulikuwa wa kujithibitishia. Kabla ya kuutuma alinipigia simu, akanipa kazi.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita, "uonje kwa utaratibu wenu ule wa kazini. Usinionee haya. Ukiniambia ni mzuri, mizabibu inabaki. Ukiniambia si mzuri, nang'oa, shamba nawapa watu wa viwanja."

Tangu Serikali ihamie Dodoma, mawe ya kupimia viwanja yamekuwa yakisogea kuelekea kwetu, na sasa yamefika uzioni. Wanunuzi walikuwa wameshakuja. Walikaa kwenye viti vya marehemu mama, wakanywa maji, wakasifia mwinuko wa ardhi bila kuuliza hata kwa adabu pale pamepandwa nini. Walisema watarudi Jumatatu kuchukua jibu. Mimi ni mtoto wake pekee. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza, na mimi sikuwa na mwingine wa kumsukumia hilo zigo.

Kuhusu utaratibu wa kazini: kabla ya kuajiriwa ualimu nilifanya kazi maabara kwenye kiwanda cha mvinyo huko nyumbani, na mara kwa mara niliitwa kwenye meza ya kuonja. Tulikuwa watu watano. Kila mmoja glasi yake, karatasi nyeupe mbele yake, na ndoo ya kutemea pembeni. Sheria ilikuwa moja kubwa, kwamba hakuna kusema neno mpaka wote wamalize. Ukisema mapema kwamba unasikia harufu ya zambarau, wenzako wote watasikia zambarau, hata kama haipo. Tukimaliza ndipo tunabishana, na kule kubishana ndiko kulikokuwa kuonja kwenyewe. Ulimi wa mtu mmoja unadanganyika kirahisi. Ukiwa na njaa unadanganyika, ukiwa na mafua unadanganyika, ukimpenda aliyeutengeneza ndiyo basi tena.

Kasulu sina meza. Nina wenzangu wazuri wa chumba cha walimu, na nikiwauliza kuhusu mvinyo watakwambia kuna wa misa na kuna mtamu wa harusi. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa huruma kabisa kama kemia niliyosoma chuo kikuu iliishia kwenye pombe. Nilicheka na wenzangu, nikarudi nyumbani nikiwa sina raha. Siyo kwamba hawanipendi. Nikiketi nao barazani wanaacha Kiha chao na kuhamia Kiswahili kwa ajili yangu, na mazungumzo yanapungua kasi papo hapo, kama watu wanaomsubiri mgonjwa avuke barabara. Nikiinuka kwenda zangu nasikia Kiha kinarudi, na vicheko vinarudi nacho.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Kibondo. Boksi nililikuta nyuma ya magunia ya maharage, limelala upande, jambo ambalo ni zuri kwa vizibo, maana havikauki, ingawa hakuna aliyekusudia. Nililigusa. Lilikuwa vuguvugu. Karani akaniambia, "Madamu, tulidhani ni dawa za hospitali," na akakataa katakata nilipie siku lilizokaa. Nje, magari meupe ya mashirika yalikuwa yanatimua vumbi kuelekea Nduta, kambini kwa Warundi.

Nilikuwa na muda kabla ya basi la kurudi, nikaenda kuangalia nyumba niliyokuwa nimepanga zamani. Baba na mama waliwahi kunitembelea pale, mara moja tu, mama angali mzima. Mama alishinda siku nzima akipanga vyombo vyangu upya. Baba alitoka barazani asubuhi, akavuta hewa puani kwa muda mrefu, akasema, "Udongo wa huku unanuka chuma." Nilikuwa nimeishi pale mwaka mzima bila kulisikia hilo, na baada ya kusema yeye nikawa silisikii jingine. Kasulu baba hajawahi kufika. Nikiwa nimesimama pale na boksi langu kwapani ndipo nilipoelewa kwamba kwake yeye mimi naishi kwenye ile baraza, na mama yumo ndani anapanga vyombo. Hasira zikanitoka. Nilitamani kulia, lakini mpangaji wa sasa alikuwa ananichungulia dirishani, nikaondoka.

Kwenye basi nilipakata boksi kama mtoto. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Kikongo anayefanya kazi ya ukalimani kambini Nyarugusu. Alisikia chupa zikigongana, akauliza, "Ni divai hiyo, mama? Ya kanisa?" Nikamwambia ni ya baba yangu. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, nadhani alielewa kwamba baba yangu ni padri. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Aliteremka Makere.

Mvinyo uliosafiri unatakiwa upumzike. Nilizilaza chupa kwenye kabati la nguo usiku ule, na Jumapili baada ya kanisa nikafungua moja. Kasulu ilikuwa kwenye baridi yake, ukungu ulikuwa umechelewa kuondoka, na chumba kilikuwa na ubaridi ambao mvinyo mwekundu unaupenda. Nina glasi moja tu ya kuonjea. Nilikuja nayo kutoka kazini, nimeifunga kwenye soksi, na imehama nami kila nilipohama. Nikatandika karatasi nyeupe mezani, nikaweka beseni la kutemea, nikafunga dirisha la upande wa jikoni ili moshi wa majirani usiingilie. Kisha nikaketi peke yangu mbele ya vitu hivyo nikajiona mjinga, kama mtu anayeendesha misa bila waumini.

Rangi ilikuwa nzuri. Nililaza glasi juu ya karatasi, na katikati ulikuwa mweusi kabisa, ukingoni ukageuka kuwa mwekundu wa tofali. Hiyo ndiyo alama ya pipa na subira. Nilinusa kabla ya kutikisa. Zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka. Udongo wa kwetu mvua ya kwanza inapougonga. Nikatikisa glasi, nikanusa tena, na pipa likajitokeza, moshi kidogo na kitu kama ubao uliotoka kuchongwa. Nikatabasamu peke yangu. Baba alikuwa ameweza.

Halafu nikanusa mara ya tatu, na nyuma ya yote hayo nikasikia uzi mwembamba wa siki.

Nilienda kusuuza mikono kwa maji matupu, huenda ni harufu ya sabuni. Nilirudi, nikanusa. Siki, na pembeni yake ile harufu ya rangi ya kucha inayoongozana nayo. Nikaonja. Niliuzungusha mdomoni, nikavuta hewa juu yake kama tulivyofundishwa, nikautema kwenye beseni. Uzito ulikuwepo. Ukakasi ulikuwa mzuri sana, ule unaoshika ulimi na ufizi bila kuukwaruza. Ladha ilikaa mdomoni muda mrefu baada ya kutema, na mwishoni kabisa, ilipotakiwa kuondoka kwa adabu, ikaacha mchomo.

Nilijaribu kuisingizia safari. Nilitaka sana iwe ni bati la Kibondo. Lakini mimi ni mwalimu wa kemia, na nisingeweza kujifanya sijui ninachokifundisha. Joto linaupika mvinyo, linaufanya unuke jamu. Siki haizaliwi ndani ya chupa iliyozibwa kwa siku chache. Inazaliwa kwenye pipa. Mvinyo unapungua polepole ndani ya pipa, na mwenye pipa anatakiwa afungue, anuse, ajazie. Ukiacha nafasi, hewa inaingia, siki inaanza, na inaanza na harufu ndogo ambayo mtu mwenye pua yake atainasa siku hiyo hiyo. Baba ndiye aliyenifundisha kuinasa. Nikiwa mdogo aliniinamisha juu ya kila ndoo na kila dumu, akiniuliza, "Hii nini? Na hii?" Mtu huyo kaiachia siki ndani ya pipa lake mwenyewe?

Nilikasirika tena, safari hii kwa woga. Nilidhani amezeeka ghafla, amekuwa mzembe, anasahau mapipa kama alivyosahau kwamba nilihama. Na kesho yake watu wa viwanja walikuwa wanakwenda kuchukua jibu. Kwenye meza yetu ya zamani tungebishana. Mmoja angesema hiyo siki kidogo inaamsha mvinyo, mwingine angesema ni kasoro, mimi ningesema mvinyo huu ungekuwa wa daraja la juu na umekosa kwa sababu ya uvivu wa mtu. Sasa huyo mtu ni baba. Nilimimina tena, nikanusa tena, nikatema tena. Mara hii nikasikia siki zaidi, halafu nikanusa na sikuisikia kabisa. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kunichezea, na hapakuwa na mtu wa upande wa pili wa meza wa kuniambia hapana, ipo.

Hodi ilipopigwa nilikuwa nimeinamia beseni.

Alikuwa jirani yangu, mama wa makamo, Muha wa hapo hapo Kasulu, mjane aliyelea watoto wake wote wakatawanyika Kigoma na Dar es Salaam. Alikuja kurudisha chekeche langu. "Mwidiwe, mwalimu," alisema, salamu yao ya mchana, kisha akaona glasi, chupa, na mimi nikifuta mdomo. Akasimama mlangoni.

"Umewekewa kitu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kitu gani, mama?"

"Nimekuona toka nje unanusa. Unatema."

Nilimweleza kwamba ndiyo kazi, kwamba waonjaji hawamezi kwa sababu wakimeza chupa nyingi hawataweza kutofautisha. Alinisikiliza mpaka mwisho na sikuona kama nimemshawishi hata kidogo. Kwa Waha, kuinusa pombe ya mtu na kuitema ni kumwambia wazi kwamba umemshuku sumu. Hilo nilikuwa nalijua kwa kusikia tu, sikuwahi kuliona usoni mwa mtu.

"Nani kaitengeneza?"

"Baba yangu."

"Uuu," alisema, akakaa. "Unatema ya baba."

Nilimkaribisha. Glasi ninayo moja, kwa hiyo nilimmiminia kwenye kikombe cha chai. Akakishika kwa mikono miwili, akakiweka mezani bila kukipeleka mdomoni.

"Mwenyewe ameonja?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza kama anavyomweleza mgeni, taratibu, kwa Kiswahili safi alichokuwa anakichagua neno kwa neno. Kwao chungu cha pombe kikiletwa, hakuna mgeni anayegusa mrija kabla ya mwenye pombe. Yeye ndiye anayevuta kwanza, mbele ya wote, akameza, wakamwona amemeza. Ndipo anasema karibuni. Asipovuta, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja, hunywi. Siyo kwa ubaya. Ni kwamba kinywaji bado hakijawa cha watu.

"Baba yuko Dodoma, mama," nilimwambia.

"Ego," aliitikia, ndiyo ya Kiha, "si una simu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekunja mikono anasubiri, na kikombe kimekaa mbele yake kama mgeni ambaye hajatambulishwa. Nami nilikuwa nimeshatafuta sababu ya kutompigia baba tangu nilipoisikia ile siki, na sasa kisingizio cha kumpigia kilikuwa kimekuja na kukalia kiti changu. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeonja?"

"Nina mgeni hapa, jirani. Anasema hanywi mpaka uonje wewe kwanza. Ndiyo desturi ya huku."

"Mwidiwe, mzee," mama jirani akapaza sauti kuelekea kwenye simu. "Onja, ndipo na sie tunywe."

Nilimsikia baba akicheka kidogo, halafu kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Nikaangalia simu, dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabika.

"Baba?"

"Nipo." Alikohoa. "Kuonja kwangu hakufai siku hizi."

"Hakufai vipi?"

"Hakuna kitu, mama. Tangu yale mafua ya mwaka jana. Sisikii harufu. Mwanzoni nilidhani itarudi. Kuna siku maharage yaliungua mpaka sufuria likatoboka, mimi nimekaa hapo hapo naongea na redio. Jirani ndiye aliyekuja mbio."

Nilikuwa nimekwenda likizo kwake baada ya mafua hayo, nikakaa naye mwezi mzima. Kila chakula kilipotengwa aliuliza, "Leo tunakula nini?" kabla sijafunua bakuli, nami nikaona ni soga za mzee aliyekaa peke yake muda mrefu akasahau maongezi mengine. Alikuwa ananiuliza kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua.

"Sasa mvinyo umetengenezaje?" nilimuuliza, na sauti yangu niliisikia imekuwa kali.

"Kwa mazoea. Kwa macho. Kwa masikio pia, pipa likichemka unalisikia linavyonong'ona, likinyamaza unajua limemaliza. Nilikuwa nalala karibu nalo. Nilipofika kwenye kunusa ndipo nikakwama. Siki haina sauti."

Mama jirani alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia kikombe.

"Ipo, siyo?" baba akauliza.

Hapo ningeweza kumdanganya. Mvinyo ule, mtu asiye na mazoea angeunywa na kuusifu. Mizabibu ingebaki, wanunuzi wangeondoka, na baba angeendelea kulala kando ya pipa akilisikiliza. Lakini aliniomba nisimwonee haya, na nilijua angetambua. Pua ilikuwa imekwenda, masikio yalikuwa yamebaki.

"Ipo," nilisema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mtu wa kawaida hataisikia."

"Mtu wa kawaida nimemuuliza?"

"Mimi nimeisikia mara ya tatu, baba. Zabibu ni nzuri. Ukakasi ni mzuri kuliko wote niliowahi kuonja shambani kwetu, na sisemi hivyo kukufurahisha. Pipa limechelewa kujazwa, basi. Hakuna kingine."

"Basi kesho nawapa."

"Usiwape."

"Nani atanusa?" aliuliza. Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua zamu ya nani, na mimi nikaangalia chumba changu cha Kasulu, karatasi nyeupe, beseni, dirisha nililolifunga, na nikaona watu wawili ambao kila mmoja amekaa na nusu ya kitu kimoja, na katikati yao kuna safari ya basi ya kutwa nzima na ushee.

"Mimi nitanusa."

"Uko Kibondo."

"Niko Kasulu, baba. Wewe kila mwezi toa kidogo kwenye pipa, jaza chupa ndogo mpaka shingoni, ziba, tuma kwa basi. Uandike Kasulu. Ikifika nanusa nakupigia. Nikisema jaza, unajaza. Nikisema toa, unautoa wote pipani."

"Pua ya kupanda basi," alisema.

"Ndiyo iliyopo."

Akafikiri. Nilisikia kuku wake, na mbali zaidi mashine ya kuchanganyia zege, huko kwenye viwanja. "Mwaka mmoja," alisema mwishowe. "Nitawaambia waje mwaka kesho. Mwaka kesho tutaona."

Mama jirani akaona kwamba sasa anaweza kusema. "Mzee," aliita, "bado tunasubiri."

Safari hii baba alicheka kweli. Tulimsikia akiinuka, akifungua kabati, kizibo kikitoka, mvinyo ukimiminika. Kisha tukamsikia akinywa. Alivuta kwa sauti makusudi, ili ushahidi utufikie mpaka Kasulu, akameza, akasema, "Karibuni."

Mama jirani akainua kikombe, akanywa funda moja, akafumba macho.

"Kali," alisema. "Inakausha ulimi. Ni kama gome la dawa." Akanywa funda la pili kwa heshima, akamshukuru mzee kwa Kiha na Kiswahili, akamwambia yeye pia wa kwake wamekwenda mbali na simu wanapiga Jumapili. Halafu akanong'ona kwangu kwamba kama ningetaka kitu kizuri, ya ndizi iko tayari Jumatano, na nisije nikaitema. Akatoka na kikombe changu, nusu kimejaa, akifunika kwa kiganja.

Nilizima sauti ya nje, nikaweka simu sikioni.

"Ameondoka?" baba akauliza.

"Ameondoka."

"Niambie inanukaje."

Nikasogeza karatasi na beseni pembeni. Nikajimiminia, nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama zamani alipokuwa akiniuliza juu ya ndoo. Nikamwambia zambarau. Nikamwambia udongo wetu mvua ikiugonga. Nikamwambia ule ubao, na moshi. Kila nilipotaja kitu alisema, "Enhe," na alisubiri mpaka kimfikie ndipo aniruhusu niendelee. Nilipomaliza akauliza, "Na siki?" Nikasema iko nyuma kabisa. Akasema nisiifiche, nikasema siifichi.

"Mimi nasikia ubaridi," alisema. "Na ukakasi. Ukakasi nausikia, mama, unanishika hapa pembeni ya ulimi."

"Hata mimi hapo hapo."

"Basi huo tunaonja wote."

Tukanywa. Sikutema tena. Hatukuwa na mengi ya kusema, na muda wa maongezi nilikuwa nalipia mimi, lakini hakuna aliyesema basi kwaheri. Jua lilikuwa limefika ukutani kwangu, na nje watu walikuwa wanarudi kutoka ibada ya jioni wakiongea Kiha kwa sauti, hawajui kama kuna mtu ndani. Nilimaliza glasi yangu. Niliendelea kuishika.

"Umemaliza?" baba akauliza.

Niliitazama glasi. Ilikuwa tupu, na doa la rangi ya tofali limekauka chini.

"Bado kidogo, baba."

"Haya," alisema. "Basi na mimi nakunywa polepole."